Sentensi ya Sukari

Jumatatu, 12 Mei 1975

Because tena. Wiki ya pili hii. Chaki imenikausha vidole na koo pia.

Asubuhi watoto wa shule ya msingi. Saa nane mchana gari la jeshi linanifuata getini, mpaka kambini. Sikuiomba kazi hii. Meja alitaka mwalimu wa Kiingereza anayejua na Kiswahili cha kueleweka, mwalimu mkuu akanitaja mimi haraka asije akatajwa yeye. Mungu amlipe.

Mwezi wa saba wageni wa mataifa wanakuja Kampala. Askari hawa ndio watakaolinda hoteli, na wakimzuia mtu lazima waandike ripoti kwa Kiingereza. Ripoti zao za majaribio zilikuwa fupi mno. Nilimkamata mtu. Nukta. Kapteni, ambaye amesoma, alizirudisha. Alisema mgeni akiuliza dereva wake amekamatwa kwa nini, tutamwonyesha nini? Basi Meja akaagiza wafundishwe because. Aliagiza hivyohivyo anavyoagiza viatu.

Kiranja wa darasa ni Sajini Drani. Mtu mzima, sauti ya chini, hujibu "ndiyo, mwalimu" kabla sijamaliza swali. Anawaimbisha sentensi zangu za Kiingereza kwa mpigo wa gwaride; hapa nazitafsiri, because tu ndiyo naiacha. Nilichukua mwavuli because mvua ilikuwa inanyesha. Chumba kizima kwa pamoja, hata vioo vinatetemeka. Ukimuuliza mmoja mmoja umbrella ni nini, anatazama paa.

Leo Koplo Anguzu alinyosha mkono. Huyu ni mpakiaji wa malori ya stoo, ana pengo mbele, na ndiye mkubwa wao kwa umri.

"Mwalimu, hii because iko ya nini?"

Nikamwambia ya kuunganisha jambo na sababu yake.

"Sababu ya nini tena? Jambo si imeisha fanyika?"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 14 Mei

Niliwaambia waache mwavuli, waandike mambo wanayoyajua wao. Kosa langu.

Nimesahihisha nyumbani, mama yangu ananitazama kwa jicho la pembeni. Nilimpiga mtu because mimi ni askari. Nilichukua redio because alikuwa na redio. Yule mwanamke alilia because tulikuwa mlangoni.

Herufi kubwa ipo. Nukta ipo. Because imekaa mahali pake. Nikaweka alama ya vema, nikaweka tena, nikaweka tena. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, si kadhi.

Chakula nilikiacha sahanini. Mama akauliza nina homa? Nikasema ndiyo.

Haya nayaandika kwa herufi za Kiarabu, kama babu alivyonifunza. Hapa Kisenyi waliobaki wanaozisoma ni wazee wa msikitini, na macho yao hayaoni hata uji.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesimama kwenye mstari wa sukari tangu alfajiri. Jua likatoka, likapanda, mwenye duka akaja kutuambia hakuna. Zamani duka lile lilikuwa la Mhindi. Sasa mwenyewe ni jamaa fulani mwenye miwani myeusi, hajui hata mizani inashikwa wapi. Mama anakunywa chai kavu siku nyingi sasa, na kila funda lina malalamiko yake. Kana kwamba sukari nimeificha mimi.

Nikaingia darasani na hasira zangu. Nikaandika ubaoni nusu ya sentensi: Dukani hakuna sukari because. Nikawaambia malizieni wenyewe. Nikakaa. Miguu ilikuwa inawaka.

Wengi waliandika upuuzi. Because imekwisha. Because watu ni wengi. Anguzu akaleta daftari lake mwenyewe mpaka mezani, kwa mikono miwili. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza: Dukani hakuna sukari because lori letu linaipeleka boda.

Nikaisoma mara ya pili. Boda, yaani mpakani.

Analijua lori lile. Anapakia mwenyewe. Mji mzima unanong'ona habari za magendo, lakini kunong'ona ni kimoja na kuandika kwa wino, kwa mkono wa askari, ndani ya kambi, ni kingine kabisa. Nilitaka kumtia kosa. Nimtie kosa gani? Ataniuliza kwa nini, na darasa zima linasikiliza, maana nimewafundisha mimi kwamba kila jambo lina sababu yake. Kiingereza chake hakikuwa na dosari.

Nikaweka vema. Nyekundu.

Alilitazama lile daftari muda mrefu. Akaniambia tangu azaliwe hajawahi kupewa tiki na mtu. Akarudi kwenye benchi anatembea kama bwana harusi.

Nimefanya ujinga. Najua nimefanya ujinga.

Jumamosi, 17 Mei

Sikulala. Najiambia ni daftari moja tu, la mpakia mizigo, nani atalifungua.

Mama leo amekunywa chai kavu bila malalamiko. Afadhali angelalamika.

Jumatatu, 19 Mei

Mauti yangu.

Nimeingia, Drani akapiga kelele ya amri, na darasa zima likaimba. Dukani hakuna sukari because lori letu linaipeleka boda. Kwa mpigo. Mguu wa kushoto kwenye sukari, mguu wa kulia kwenye boda. Madirisha wazi, uwanja mzima unasikia.

Kumbe Drani aliona ile tiki nyekundu Ijumaa, akaamuru wote wainakili. Kwake sentensi iliyopata tiki ni amri iliyopitishwa. Kila daftari linayo sasa. Kwao Kiingereza si maneno yenye maana, ni gwaride la mdomo. Na Anguzu yuko mstari wa mbele, anaimba kuliko wote, pengo nje.

Nikasema basi, basi, kaeni. Nikasema turudi kwenye mwavuli. Wakanuna. Mmoja akauliza kama ile nyingine imeharibika. Nikajibu haijaharibika. Sasa kwa nini tuiache, mwalimu? Nikafuta ubao usiokuwa na kitu.

Mtihani ni Alhamisi, Meja mwenyewe atakuwapo.

Jumanne, 20 Mei

Nimewaza kujifanya mgonjwa. Wakileta mwalimu mwingine ataiona sentensi ile siku ya kwanza, atauliza nani kawafundisha. Nimewaza kwenda Kenya kwa dada yangu. Mama hawezi safari. Nina hofu, sina jina lingine la kuipa. Ni hofu.

Nimewafokea watoto wa shule bure leo. Mmoja alilia.

Jumatano, 21 Mei

Nimezungumza na Drani. Nilimwita nje ya darasa kana kwamba namuuliza habari za chaki. Nikamtafsiria ile sentensi kwa Kiswahili, neno kwa neno, polepole. Siku hizi zote sijawahi kumwona akikosa "ndiyo, mwalimu". Leo alikosa. Alijishika mkanda.

Akasema na yeye ameiandika. Kwa mkono wake.

Ni mtu mzima huyu, hakupoteza wakati kunilaumu. Alisema atawaambia leo jioni kwenye gwaride: kesho kila mtu aandike ya mwavuli, na ukurasa wa sukari uchanwe, uchomwe jikoni. Sababu hatatoa. Askari hapewi sababu, alisema, na kwa mara ya kwanza nikashukuru.

Nikauliza, na Anguzu? Leo hakuwa darasani. Drani akasema ametoka na lori tangu jana, atarudi leo jioni, atamwambia yeye mwenyewe.

Nimekula kidogo. Mama amefurahi.

Alhamisi, 22 Mei

Nayaandika haya, na nayaandika yote.

Meja aliketi mbele, tumbo juu ya meza. Kapteni pembeni yake, mguu juu ya mguu. Meja aliingia jeshini enzi za Mwingereza akiwa mpishi, na Kiingereza chake ni cha "yes sir". Yeye mwenyewe anasema hivyo, haoni haya. Akaamuru kila mtu aandike sentensi moja yenye because, yoyote aipendayo, halafu mwalimu azisome kwa Kiingereza na kuzitafsiri.

Walikuwa wamekwisha kaa, karatasi zimegawiwa, ndipo Anguzu akaingia. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Lori lilikwama njiani, limefika asubuhi hiyohiyo. Akapiga saluti, akaambiwa aketi, akapewa karatasi. Nilimtazama Drani. Drani alitazama mbele. Hapakuwa na namna ya kumwambia mtu neno, Kapteni anatuangalia wote.

Anguzu aliandika bila kusita. Alikuwa wa kwanza kumaliza.

Nikakusanya. Ya kwake nikaitia chini kabisa. Nikasoma. Mwavuli, mvua. Mwavuli, mvua. Nikatafsiri kila moja. Meja akaanza kupiga miayo, kisha akakunja uso. Akauliza hawa wote walinyeshewa siku moja? Drani akajibu ndiyo, afande. Nikaendelea. Nilipobakiwa na karatasi ile moja nikaikunja pamoja na nyingine, nikasema zimekwisha.

Anguzu akanyosha mkono. Yeye mwenyewe.

"Mwalimu, yangu bado."

Meja akaamka vizuri kitini. Soma.

Niisome vipi? Mpishi au si mpishi, lori analisikia na boda anaisikia, maneno yale ni yaleyale kwa lugha zote. Nikaisoma kwa Kiingereza, haraka, nikaimeza katikati. Halafu nikatafsiri: Dukani hakuna sukari leo, lakini itapatikana, kwa sababu lori letu limekwenda kuileta kutoka boda.

Meja akapiga meza. Akasema huyu sasa ndiye askari, anajua serikali inafanya nini, hawa wengine kazi yao mvua. Akamwamuru Anguzu asimame apigiwe makofi. Wakampigia. Anguzu alinitazama mimi, paji la uso limekunjamana, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na rafiki yake. Alitaka kusema. Drani akakohoa, akakohoa tena, na Anguzu akaketi.

Kapteni akanyosha mkono. Akaiomba karatasi ile. Akaisoma polepole, maana yeye kusoma anajua. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Akatoka bila kuaga.

Ijumaa, 23 Mei

Dereva amekuja nyumbani Kisenyi, mchana, majirani wote wako barazani. Ameshusha gunia la sukari. Gunia zima. Amesema Kapteni anasema mwalimu alitafsiri vizuri.

Basi anajua. Anajua nilidanganya, na amependa nilivyodanganya.

Nilitaka nilirudishe. Unarudisha vipi gunia la Kapteni? Mama alikwisha leta kisu akalifungua mdomo. Akawagawia majirani kwa vikopo, wakamwombea dua, wakaniombea na mimi. Nimekunywa chai. Nimetia vijiko vitatu. Nilikuwa nimeitamani kwa muda mrefu na ilikuwa tamu, na nachukizwa na nafsi yangu.

Jumatatu, 26 Mei

Anguzu hayupo. Nikauliza, darasa zima likatazama meza.

Jumatano, 28 Mei

Leo Drani alinibebea ramani na ubao mdogo mpaka kwenye gari, jambo ambalo si kawaida yake. Njiani akanieleza bila kugeuza uso. Jumamosi Anguzu alitumwa na lori. Lori limerudi. Limerudi na dereva na mtu wa kulilinda. Kitabu cha stoo kinasema amehamishwa, hakisemi wapi. Mkewe ameambiwa atoe vyombo vyake kambini kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikasema tungewaacha. Drani akauliza tungewaacha nini. Nikasema tungewaacha wote waandike ile ya sukari. Ingekuwa darasa zima limeandika jambo moja, wangemchukua nani? Wangenichukua mimi. Sisi ndio tuliomwondolea watu pembeni, akabaki peke yake na karatasi yake.

Drani alisema, "Ndiyo, mwalimu."

Akafunga mlango wa gari.

Ijumaa, 30 Mei

Darasa limefungwa. Meja ametoa amri: ripoti zote za hotelini zitaandikwa na karani mmoja ambaye Kapteni amemchagua. Mimi nimepewa barua ya shukrani yenye muhuri. Mwalimu mkuu ameitundika ofisini kwake, anawaonyesha wazazi.

Mama anauliza gari la jeshi haliji tena? Analikosa. Majirani walikuwa wameanza kumwamkia kwa kuinama.

Jumatano, 4 Juni

Hakuna kitu. Nimesahihisha madaftari ya watoto. Mtoto mmoja ameandika hakuja shule because viatu vimeraruka. Nimekaa na sentensi ile mbele yangu mpaka Mama akaniuliza imeniudhi nini.

Usiku nikifumba macho naona Anguzu anapigiwa makofi. Sitaki kuona hayo. Mchana nafanya kazi mpaka nachoka, lakini kuchoka hakusaidii.

Jumapili, 8 Juni

Asubuhi amekuja mwanamke mrefu, amevaa gomesi la kuazima, mtoto mgongoni. Akapiga magoti mlangoni kunisalimia kama wafanyavyo hapa, nikamwinua. Akasema anaitwa Aseru, mke wa Koplo Anguzu. Anakaa Kyebando kwa binamu yake, chumba kimoja, watu hawana pa kugeukia. Drani ndiye aliyemwelekeza kwangu.

Mama akamtilia chai. Akaweka na sukari. Nilitazama kule ukutani mpaka alipomaliza kukoroga.

Anataka barua. Kwa Kiingereza, kwa mkuu wa jeshi mwenyewe, kuuliza mumewe yuko wapi. Kambini wamemfukuza langoni mara nyingi. Waandishi wa barua wanaokaa karibu na posta wamekataa, kila mmoja akisikia habari yenyewe anafunga mashine yake ya chapa anasema ana safari. Hawakumwambia kwa nini, lakini mimi najua. Barua ya mtu asiyejua kusoma haipokelewi ofisini hapa mpaka chini yake, pembeni ya dole gumba, liwepo jina la aliyeiandika na mahali anapokaa. Sheria ya Mwingereza, na hawa wameishika vizuri kuliko sheria nyingine zote.

Nilimwambia asubiri. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani. Niseme ukweli, nilitafuta uongo wa kumpa. Nilifikiria kusema wino umekwisha. Nilimfikiria Mama, na majirani, na kifungo cha shati la Kapteni. Kutoka sebuleni nilimsikia Aseru anamweleza Mama kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba mume wake alikuwa anasoma Kiingereza, alikuwa mwanafunzi mzuri, mwalimu alimpa tiki, daftari bado analo. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anajivunia mumewe.

Nikatoka na karatasi.

Niliandika naomba kujua alipo mume wangu. Nikamuuliza Aseru nieleze sababu gani ya kuuliza, maana barua itahitaji sababu. Akafikiri. Akasema, andika watoto wanamuuliza. Nikaandika because watoto wanamuuliza. Nikamsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, safari hii neno kwa neno, sikupunguza, sikugeuza. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotua.

Mama alikuwa amekitua kikombe chake. Alinitazama, akatazama karatasi. Amezaliwa Kisenyi, sheria ile anaijua kunipita. Hakusema nisifanye. Alisema tu wino wa bluu hufifia, tumia mweusi.

Nikatafuta mweusi. Aseru akapaka dole gumba, akalibonyeza palipostahili. Pembeni yake nikaandika: Imeandikwa na Mwalimu Salama binti Rashidi, Kisenyi, nyumba ya nyuma ya msikiti.

Tukaipuliza ikauke. Mtoto alikuwa ameamka, anataka kunyonya, tukamngoja kidogo.